Boksi Lenye Tundu

Mzee Anselm wa Itigi alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na nyingine ya kugawia majirani. Alidharau redio za siku hizi, alidharau vijana wa kukodisha muziki na spika zao za plastiki, lakini ile dharau ya daraja la kwanza alimtunzia shemeji yake Elisha, kaka wa mkewe Selina. Basi siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga Yunisi, binti yake wa pekee aliyekuwa anaolewa, Elisha akafika kutoka Nduguti na spika mbili kubwa za Kijapani, za miaka ya sabini.

"Shikamoo mjomba! Umezileta kweli!" Yunisi akamkimbilia.

"Marahaba, mama. Ningeachaje?"

Anselm akazizunguka zile spika kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa mnadani. Akainama, akachungulia tundu la mviringo lililokuwa chini ya koni, ile karatasi ngumu inayotetema na kutoa sauti.

"Hili tundu la nini?"

"La kupumulia, shemeji. Upepo wa nyuma ya koni unatokea hapo, besi inanenepa."

"Inanenepa! Lo! Yaani mwimbaji kaimba kilo moja, boksi lako linatoa mbili. Huo si muziki, huo ni umbea! Spika ya watu wenye akili huzibwa pande zote, inasema ilichoambiwa, basi. Hilo lako ni mzinga, Elisha. Katundike porini."

Elisha akacheka tu, na kicheko chenyewe kikamkera Anselm kuliko jibu.

Spika za Anselm zilikuwa za Kiingereza, mbao nzito, hazina upenyo hata wa sindano. Aliachiwa na daktari wa misheni aliyerudi kwao. Kwa miaka ishirini alizipangusa kila Jumapili, akijiambia kuwa siku Yunisi akiaga nyumbani, ataagwa na sauti hizo. Hakuwa na ng'ombe wa kumpa, wala kiwanja. Alichokuwa nacho ni hicho.

"Baba," Yunisi akasema taratibu, "tutumie za mjomba. Zako zimechoka."

"Zimechoka? Zangu? Haya, tuzishindanishe sasa hivi!"

Na zilikuwa zimechoka kweli. Mpira unaoshika ukingo wa koni ulikuwa umeoza na kuchanika. Mwingine angeagiza mpira mpya mjini. Anselm, mrina asali wa miaka thelathini, alikuwa amekwisha kufanya kama wafanyavyo warina wenzake kwa kila kinachovuja: aliyeyusha nta ya nyuki, akaziba, asimwambie mtu.

Zikatolewa uani, ukapigwa wimbo mmoja wa kwaya, zamu kwa zamu. Za Elisha zikanguruma mpaka vikombe vya Selina vikagongana kabatini. Za Anselm zikaimba safi, kila sauti mahali pake.

"Kusema kweli, shemeji," Elisha akakiri, "zako zina adabu."

"Na zako hazina," akajibu Anselm, wala hakuona sababu ya kushukuru. Akaamuru za kwake zibaki pale pale uani, tayari kwa Jumamosi, akazifunika turubai.

Ijumaa jua likawaka, na chini ya lile turubai kukawa tanuri. Sasa jamani, mrina asali gani asiyejua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki wavutike? Anselm mwenyewe alikwisha kupaka mizinga isiyo na idadi. Lakini dharau ikishapanda kichwani, akili huhama. Jumamosi asubuhi alipofunua turubai, nta ilikuwa imelainika, koni imebanduka, na kundi zima la nyuki limehamia ndani ya boksi lake lisilo na tundu.

Watu wakatimka! Wapishi wakaacha pilau jikoni. Anselm akasimama palepale, mikono inadungwa, akingoja Elisha aseme neno "mzinga" ili wakosane moja kwa moja. Elisha hakulisema.

"Pole, shemeji," akasema, akaenda kuzifunga za kwake uani kwa jirani, ambako sherehe ilihamishiwa.

Pole ile ilimuuma Anselm kuliko miiba yote.

Alasiri mshereheshaji akamwita baba wa binti. Anselm akashika maiki. Alikuwa amepanga sentensi tatu kavu, kisha akae.

"Yohana," akamwambia mkwe, "huyu ni mtoto wangu. Sina mwingine."

Pumzi yake, kwikwi yake, vyote vikapitia kwenye tundu la spika za Elisha, vikanenepa, vikasikika mpaka stesheni. Wageni wote wakamgeukia.

Anselm akafuta macho kwa mkono wa koti. "Mnaniangalia nini?" akafoka. "Silii kiasi hicho! Hilo tundu linaongeza."

Yunisi akainuka mbele ya wageni wote, akaja akamshika ule mkono uliovimba.

"Liache liongeze, baba," akasema. "Wewe miaka yote umekuwa ukipunguza."