Kiti cha Msikilizaji

Mama Nukta hakuwa mtu wa kuona mambo. Hilo na lisemwe mapema, kabla msomaji hajamtia katika kundi lisilo lake. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa, kwa katekisimu na kwa fimbo, kwamba waliokufa wamelala mpaka watakapoitwa, wala hawana shughuli nyingine huku duniani. Mafundisho hayo aliyashika kama alivyoshika kanuni za mkato na nukta. Akisikia majirani wakihadithiana habari za vivuli na vishindo, aliondoka akaenda kufua.

Alikuwa msahihishaji wa prufu, yaani karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, katika kiwanda cha uchapaji, mwaka wa thelathini na moja sasa. Jina hilo la utani alipewa na mafundi wa mashine, kwa sababu hata akisema kwa mdomo, uliweza kusikia mahali nukta ilipoanguka.

Kazi ya prufu ilikuwa ya watu wawili. Mmoja aliisoma kwa sauti, na kila herufi kubwa, kila mkato na kila nukta ikatamkwa. Wa pili aliketi mkabala naye, ameshika mswada wa mteja, akifuatisha kwa kidole. Msomaji akiruka hata neno moja, msikilizaji alimwambia, "Rudi." Mwishoni wote wawili walitia sahihi chini ya karatasi, kila mtu katika kisanduku chake. Utaratibu huo uliwekwa na mwanzilishi wa kiwanda, baba yake meneja wa sasa, na ulikuwa umetundikwa ukutani ndani ya kioo.

Kwa miaka ishirini na miwili msikilizaji alikuwa mzee mmoja aliyewahi kusomesha watoto, naye mpaka kufa kwake aliitwa Mwalimu. Alikuwa mkavu kama chaki. Hakupiga soga, hakusifu, hakunung'unika. Alimwita Mama Nukta "dada", na kuna siku nzima zilizopita asiseme lolote zaidi ya "Rudi, dada," akilitamka bila kuinua macho.

Mwalimu alifariki kwa shinikizo la damu, na kiti chake cha mbao, chenye mguu mmoja uliotiwa kabari ya kadibodi, kikabaki wazi. Meneja aliahidi kuleta mtu mwingine. Miezi mitano ikapita. Mama Nukta akawa anasoma peke yake, kimya, na kutia sahihi katika kisanduku cha kwanza. Cha pili alikijaza meneja mwenyewe, huko ofisini kwake, bila kusoma wala kusikiliza. Mama Nukta aliliona jambo hilo akalinyamazia. Hilo nalo lisemwe.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, alikuwa amemaliza prufu ya karatasi ya maelekezo ya dawa ya maji ya watoto, karatasi ambayo ingefungwa pamoja na kila chupa. Alikuwa ameisoma mara mbili. Sahihi zilikwisha kutiwa, na mashine ilikuwa ikinguruma chini. Nakala yake ilikuwa bado mezani. Alikuwa akifuta miwani aliposikia, kutoka upande wa pili wa meza, sauti kavu ya mtu asiyeinua macho:

"Rudi, dada."

Hakupiga kelele. Alivaa miwani, akakitazama kiti. Kilikuwa kitupu. Akafungua mlango; ushoroba ulikuwa mtupu. Akachungulia dirishani, ilikuwa ghorofa ya pili, na hapana mwanadamu asimamaye hewani. Simu yake ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba. Akaketi, akajiambia kwamba uzee nao una vioja vyake. Kisha, kwa kuwa katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuambiwa arudi akakataa, akarudi.

Mswada wa mteja ulisema: *Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: robo kijiko, mara mbili kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.*

Prufu ilisema: *Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hadi mitano: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.*

Jicho la mpiga taipu lilikuwa limeteleza kutoka "mwaka mmoja" wa kwanza hadi "mwaka mmoja" wa pili, likayameza yote yaliyokuwa katikati. Na ubaya wenyewe ni kwamba sentensi iliyobaki ilisomeka vizuri, laini, haina hata alama ya jeraha. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamepita juu yake mara mbili. Kijiko kizima, mara tatu kwa siku, kwa kichanga.

Alishuka ngazi kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

"Zima," alimwambia fundi wa mashine.

Fundi huyo alikuwa mtu wa kitambi na maneno. "Mama Nukta, imeshakula karatasi elfu tatu hii! Ukiikatiza sasa wino—"

"Zima, au nitaketi juu yake."

Fundi aliupima uzito wa tishio lile, akazima. "Haya. Lakini fomu utajaza wewe. Mimi simo, hata kivuli changu hakimo."

Fomu ya kusimamisha mashine ilikuwa na swali la nne: *Kosa limegunduliwaje?* Mama Nukta aliandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: *Nilimsikia marehemu Mwalimu akisema, "Rudi, dada." Nikarudi.* Fundi alikuwa akisoma juu ya bega lake. Lahaula! Ni sawa na kumwaga mtama penye kuku wengi. Kabla ya saa sita kiwanda kizima kilikuwa na habari.

Saa saba akaitwa ofisini.

"Kaa, mama," alisema meneja. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane, ambaye Mama Nukta alimfahamu tangu alipokuwa akija kiwandani kuchezea vipande vya karatasi. "Kwanza, ahsante. Umetuokoa. Pili, hii fomu."

"Ina kosa?"

"Mama, nakala ya hii inakwenda kwa mteja. Unataka aambiwe kwamba hapa kwetu prufu zinasomwa na maiti?"

"Heri maiti asomaye kuliko mzima asiyesoma."

Meneja akasukuma mbele karatasi nyingine, imekwisha kuchapwa, imebaki sahihi tu. Ilisema kwamba kosa liligunduliwa katika usomaji wa pili wa kawaida, uliofanywa na wasomaji wawili kwa mujibu wa utaratibu wa kiwanda.

"Wasomaji gani wawili?" aliuliza Mama Nukta.

"Ni lugha tu, mama."

"Lugha ndiyo kazi yangu."

"Sikiliza." Meneja alishusha sauti, akawa mpole, na upole ule ulimwudhi Mama Nukta kuliko ukali. "Watu wa umri wako husikia vitu. Si aibu. Mama yangu naye husikia mlango ukigongwa. Ukitia sahihi hapa, jambo limekwisha. Usipotia, itanibidi nikupeleke kwa daktari, akuandikie upumzike moja kwa moja kwa sababu za afya. Fikiri mpaka Ijumaa."

Basi Mama Nukta akawa na siku tatu. Upande mmoja walikuwapo waliotaka aseme hakusikia kitu. Upande wa pili walikuwapo waliotaka aseme amesikia zaidi ya alichosikia, na hawa walikuwa wengi. Fundi wa mashine alimsimamisha ngazini: "Mama, akija tena Mwalimu, hebu muulize spana yangu ya kumi na tatu kachukua nani. Marehemu hawafichani." Dada mmoja wa idara ya kujalidi vitabu alikutwa amepiga magoti mbele ya kile kiti, analia, anataka apelekewe salamu marehemu mwanawe.

"Inuka, mwanangu," Mama Nukta alimwambia, akimshika mkono. "Hii si madhabahu. Ni kiti, tena kibovu. Ningejua njia ya kupeleka salamu ningekupelekea. Siijui, na atakayekwambia anaijua, mwulize kwanza anakula wapi."

Jumatano jioni, jua halijatua, mjane wa Mwalimu alikuja nyumbani kwake. Kwa kuwa Mwalimu alimwita Mama Nukta dada, wanawake hao waliitana wifi. Mjane hakuigusa chai. Aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Wifi, nimesikia. Sitaki mzunguko. Miezi mitano nalalia mto wake. Nimemwita kwa jina lake. Nimemwita kwa majina mengine nisiyoweza kukutajia wewe. Hajanijibu hata kwa kukohoa. Kwako amekwenda. Kasema nini?"

Hapo Mama Nukta alijaribiwa kuliko alivyojaribiwa ofisini. Maneno ya faraja yalikuwa tayari ulimini: kwamba amekusalimu, kwamba amesema usihuzunike. Nani angeyahakiki? Lakini akamwona Mwalimu, kidole kwenye mswada, akisubiri kuona kama ataongeza neno ambalo halikuandikwa.

"Alisema, 'Rudi, dada.' Basi."

"Basi?"

"Basi, wifi."

Mjane alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Nukta akadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa akafutia machozi. "Ndiye! Ndiye huyo huyo! Siku ya kunichumbia, wenzake huleta maneno ya asali. Yeye kanisimamisha kisimani, kaniambia, 'Nimezungumza na baba yako.' Basi! Kaenda zake!" Akaivuta chai iliyokwisha kupoa, akainywa yote. Alipoweka kikombe uso ulikuwa umetulia. "Unaamini alikuwa yeye?"

"Sijui."

"Hujui, na fomu umeandika?"

"Nimeandika nilichosikia. Niliisikia sauti yake. Kama alikuwa yeye, au ni miaka ishirini na miwili iliyoganda masikioni mwangu, hilo sijui, na aliyenifundisha dini angeniambia si yeye. Masikio yangu yanaweza kunidanganya mimi, wifi. Lakini mimi sina ruhusa ya kuyasemea uongo."

Mjane alifunga kitambaa chake upya, akalikaza fundo. "Basi usikubali waandike vingine. Wakisema hukusikia kitu, mimi leo nimecheka bure."

Ijumaa meneja alipanda mwenyewe mpaka chumba cha prufu, karatasi yake mkononi. Alimkuta Mama Nukta ameketi upande wa pili wa meza, juu ya kiti cha Mwalimu, ameshika mswada. Mbele ya kiti cha msomaji palikuwa na prufu mpya ya maelekezo ya dawa. Mlangoni alikuwa amesimama fundi wa mashine, akijifanya anafuta mikono mafuta.

"Umeamua, mama?"

"Niliamua Jumanne. Kaa usome."

"Nini?"

"Mteja anataka karatasi zake Jumatatu. Prufu hii imesahihishwa, lakini haina sahihi hata moja. Yangu haitatoka tena mpaka mtu aliye hai asome kwa sauti na mwingine asikilize, kama baba yako alivyoandika pale ukutani. Miezi mitano umetia sahihi ya mtu aliyesikiliza, nami nikanyamaza. Kosa hilo ni letu sote wawili, na nimeijaza fomu upya, nikaliandika chini ya maneno ya Mwalimu. Mpe mteja nakala."

"Mama, unanitishia?"

"Nakusahihisha."

"Nitakupeleka kwa daktari."

"Nitakwenda. Nitamwambia nilichosikia, naye ataandika analotaka, maana kalamu ni yake. Lakini akinipumzisha leo, nani atatia sahihi hapa? Wewe? Kwenye visanduku viwili?"

Meneja aligeukia mlangoni. "Fundi, hiyo kazi inaingia mashineni sasa hivi."

"Bosi wangu," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutabasamu, "mimi nina mjukuu wa miezi minne. Bila sahihi mbili za kweli siwashi. Kama ni kufukuza, tufukuze sote."

Meneja aliutazama ule utaratibu ukutani, na chini yake sahihi ya baba yake iliyoanza kufifia. Akaitazama karatasi aliyoichapa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akavuta kiti kwa hasira, akaketi, akaanza kusoma kama mtoto aliyelazimishwa.

"Dawa ya maji ya watoto. Tikisa chupa kabla ya—"

"Herufi kubwa," alisema Mama Nukta.

"Herufi kubwa, dawa ya maji ya watoto, nukta. Herufi kubwa, tikisa chupa kabla ya kutumia, nukta." Alisoma hivyo, polepole, sauti yake ikipoteza hasira kidogo kidogo na kuanza kuyajali maneno. Akafika penyewe, na jicho lake likateleza kama lilivyoteleza la mpiga taipu. "Herufi kubwa, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hadi mi—"

Mama Nukta alifungua kinywa. Kabla hajatoa sauti, meneja alikwisha kujikatiza. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama, si usoni mwa Mama Nukta, bali juu ya bega lake, penye ukuta. Kisha akainamisha macho, akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

"Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, nukta pacha," alisema taratibu, "robo kijiko, mkato, mara mbili kwa siku, nukta."

"Umeona mwenyewe," aliuliza Mama Nukta, "au umeambiwa?"

"Tuendelee, mama."

"Tutaendelea." Aliweka alama ya kalamu kwenye mswada, bila kuinua macho. "Fomu ziko pale mezani. Swali la nne utalijibu wewe."