Namba ya Chasi

Bibiane alifika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, viatu vikiwa mkononi, matope yamempanda hadi magotini. Kaswera, aliyekuwa bado ndani ya teksi yake, alimwona akashusha pumzi. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo binti huyo wa duka la vipuri kumjia na habari ileile.

"Jambo, mama. Fundi anaondoka kesho."

"Aende salama."

Tangu mumewe Zacharie afariki, gari lile dogo, lililonunuliwa likiwa limeshatumika ng'ambo, ndilo lililowalisha na kuwasomesha wanawe. Hakumruhusu mtu kulifungua hovyo. Zamani Zacharie aliliacha lori lake gereji kwa siku moja tu, kwa fundi aliyejitolea kulikagua bure. Lilirudi liking'aa, na injini ya gari jingine tumboni. Kuanzia hapo neno "bure" lilimtia Kaswera baridi.

"Hebu niambie," alisema, "kampuni ya mbali isiyonijua hata jina inanihurumia kwa nini?"

"Haikuhurumii, mama. Ilikosea kiwandani, na sasa inayaita magari yake yatengenezwe bure. Namba yako ya chasi iko kwenye orodha. Ile airbag, mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, ina kasoro. Siku ya ajali, badala ya kukukinga, inaweza kupasuka ikurushie vyuma."

"Na weye unapata nini?"

Bibiane aliitazama miguu yake. "Matope."

Kaswera alijizuia kucheka, akashindwa.

"Leo hata si zamu yangu," Bibiane aliendelea kwa sauti ya chini. "Jana nilikuona karibu na soko, umeinamia usukani unatafuta njia kwenye mvua. Nilifika nyumbani, chakula hakikupita."

Kaswera aliitazama tena ile miguu yenye matope. Waliowahi kumlaghai wote walikuwa na haraka, wakizungumza vizuri, viatu vyao visafi. Huyu alikuwa amesimama pale kama mtu aliyefiwa kabla ya msiba.

"Panda," alisema.

Kwenye ua wa duka, fundi Fabrice, aliyetumwa na kampuni kutoka Kampala, alimwekea kiti karibu na mlango wa gari. "Kaa hapa, mama, uone kila kitu." Alitenganisha betri, akasubiri, kisha akaufungua usukani katikati na kuweka juu ya kitambaa kopo la chuma lisilozidi ngumi ya mtoto.

"Ndani iko unga unaowaka, ndio unaojaza ule mfuko hewa," alieleza. "Joto na unyevu wa miaka vinauharibu. Ukiwaka kupita kiasi, chuma hiki chote kinapasuka."

Kaswera alilitazama lile kopo. Kwa miaka minne alikuwa ameliinamia akiimba nyimbo za kwaya, akimwomba Mungu amwepushe na majambazi wa njiani na malori yasiyo na breki. Kuhusu kitu hiki hakuwahi kuomba neno hata moja. Alikuwa ameepushwa nacho bila kuomba. Machozi yalimlenga, akajifanya anapangusa jasho.

Saa moja baadaye kifaa kipya kilikuwa mahali pake. Alifungua mkoba kwa mazoea, lakini Fabrice alimsogezea karatasi. "Sahihi tu, mama." Akaliandika jina lake polepole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Aliingia dukani kumtafuta Bibiane. Maneno ya shukrani alikuwa ameshayapanga, marefu na mazuri, lakini alimkuta kwenye simu, kidole juu ya orodha, uso umemsawajika.

"Ndiyo, muzee, bure. Hapana, sikudanganyi. Fundi atarudi mwezi ujao... Muzee?" Alishusha simu. "Ni mwenye gari wa kule Niania. Anasema nikimpigia tena atanishtaki."

Kaswera alivuta kiti, akaketi kando ya Bibiane nyuma ya kaunta. "Mpigie."

"Mama, atatukana."

"Mpigie, mwanangu. Nipe mimi."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokewa, sauti ya hasira ilianza kabla ya salamu. Kaswera aliiacha imalize.

"Jambo, baba," alisema kwa upole. "Usikate. Mimi si mtu wa duka. Niko na gari kama lako, naendesha teksi hapa Bunia. Namba yangu pia ilikuwa kwenye orodha, na mimi pia nilimfukuza huyu mtoto."

Upande wa pili lori lilisikika likipita, kisha mlango ukifungwa.

"Nakusikia, mama," mtu yule alisema. "Endelea."