Ndege wa Madibira

Tupokigwe alishuka Madibira na begi la vishikwambi mgongoni. Mchezo wa kuhesabu alioutengeneza na wenzake chuoni Mbeya ulikuwa unakwenda kuguswa na watoto kwa mara ya kwanza. Tena watoto wa wakulima wa mpunga, na mchezo wenyewe ni wa mpunga: ndege wanatua shambani, mtoto anawahesabu, anagusa jibu. Angekosea wapi?

Mwalimu Apolonia wa darasa la kwanza hakuwa mtu wa kubembelezwa. "Mwanangu, michezo siikatai," alisema. "Lakini kengele ya saa sita ikilia hawajahesabu, uondoke na vishikwambi vyako tu."

Ndege wa kwanza akatua kwenye kioo, vidole vikamrukia. Wakatua wengine, wakapigiwa kelele, na mtoto mmoja akakitikisa kishikwambi kama debe. Hakuna aliyehesabu. Kila kioo kiliandika: Jaribu tena.

"Msiwaguse, wahesabuni kwanza," Tupokigwe alisihi.

Benedicta, binti mwenye mapengo, alimtazama kwa huruma. "Sasa dada, tukikaa tunahesabu, si watakula? Mama atatuchapa."

Tupokigwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye alikulia migombani Tukuyu, ambako ndege ni wa kutazama. Hapa mtoto huanza kuamia mpunga, kufukuza ndege kutwa nzima, kabla hajajua kusoma. Na yeye amewaletea mchezo wa kukaa na kutazama chakula kikiliwa!

Akampigia simu Dastan, ambaye hawajawahi kuonana naye. Mchezo ulikuwa huria, yeyote aliruhusiwa kuuchukua na kuufumua, na Dastan, mwanafunzi wa Iringa, aliuokota mtandaoni akawaunda wale ndege akiwa chumbani kwake Kihesa.

"Dastan, ndege wako wanakula."

"Si ndiyo kazi yao?"

"Wasile. Akiguswa aruke. Wahesabiwe waliofukuzwa."

Dastan akacheka. "Na mimi nina bibi analima mpunga Pawaga. Nimesahau vipi? Subiri kidogo."

Mtandao ulisuasua. Watoto walikunywa uji, wakarudi, ndipo toleo jipya likaingia, saa sita ikinyemelea.

Safari hii darasa lililipuka. Kila ndege aliporuka, sauti zilimsindikiza: saba, nane, tisa. Mwalimu wa darasa la pili alikuja kulalamikia kelele, akabaki mlangoni. Kioo kikauliza, umefukuza wangapi? Benedicta akagusa kumi na wawili kabla swali halijaisha kusomwa. Sahihi. Tupokigwe alifurahi hadi machozi, na hakujali nani anamwona.

Kengele ikalia. Hakuna mtoto aliyeinuka. Wala Mwalimu Apolonia: alikuwa ameinamia kishikwambi cha mwisho, khanga imemteleza begani, akihesabu kwa sauti.

"Mwalimu," Tupokigwe aliuliza taratibu, "niondoke navyo?"

"Ngoja kwanza," alijibu bila kuinua macho. "Nikikutazama wewe, hawa watakula."