Ukiitwa na Usiyemwona

Safta alipofika gerezani na kikapu chake cha mikate ya jibini, hakupelekwa kwa mjukuu wake Toader moja kwa moja. Muuguzi Domnica alimkalisha kwanza, akamsogezea chai.

"Bibi, kila mfungwa mpya tunamuuliza maswali, ili tuyawahi maradhi ya akili yakiwa bado machanga. Toader kajibu hapana kwa yote. Lakini hali wala halali, kutwa kaziba masikio. Huwa anasikia sauti?"

Safta akakiweka kikombe chini. Toader alilelewa na yeye, na ni yeye aliyemfunza lile ambalo kila mtoto wa bonde la mto Siret hufunzwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, wala usimwambie mtu. Ukisema tu, mauti yamekujua. Samaki hukunjwa angali mbichi, naye Toader alikunjwa akakunjika.

"Akikiri kwa kinywa chake, kesho nampeleka kwa daktari," Domnica akasema. "Wakiwahiwa, wengi hurudiwa na akili."

Safta alipopelekwa kwake, Toader alikuwa amekonda, shati linamwelea. Akakichungulia kikapu.

"Umeleta michache hivi, au hii ndiyo iliyowaponyoka walinzi?"

"Wameonja mmoja. Wanasema chumvi haijakolea."

"Na wewe ukawanunia."

"Nikawanunia sana."

Akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani. Safta akaona hapo ndipo pa kusema.

"Mjukuu wangu, huwa wanakuita?"

Kicheko kikakatika.

"Tangu mavuno. Sijaitika hata mara moja, bibi. Sijamwambia mtu. Nimeshika ulivyonifunza."

"Basi mwambie Domnica. Mimi nilikufunza nilivyofunzwa, sikujua. Haya ni maradhi, baba, na dawa ipo."

Toader akamtazama usoni, akatazama kilemba chake, akatazama na mikono. Kisha akakivuta kiti nyuma, taratibu.

"Bibi yangu hawezi kusema hivyo," akanong'ona. "Kumbe sasa mmejifunza mpaka sura yake."

"Toader."

Akaziba masikio.

"Toader, ni mimi."

Akafumba macho, midomo kaibana kama alivyokuwa akiibana utotoni, wakipita njia ya mtoni wakati wa ukungu. Mtoto msikivu, majirani walikuwa wakimsifia.

Safta akamwita tena, na tena, mpaka mlinzi akaja kumwinua. Toader hakuitika.