Mtoto Asiyetua Ndoo

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla ya chai, washiriki ishirini na wawili walichagua mwenyekiti wa darasa, mtunza muda, na mtu wa kuwachangamsha wenzake wakisinzia. Mwenyekiti akawa Anatoli wa Mwandiga, ambaye huchaguliwa mwenyekiti kwenye kila mafunzo kwa kuwa ana sauti na ana suti. Kisha wakataja matarajio yao, nayo yakaandikwa kwenye bango kitita. Wengi walitarajia elimu na cheti. Mmoja alitarajia chakula kizuri, na mwezeshaji, Bi Honorata, aliliandika hilo pia bila kucheka.

Ukumbi ulikuwa Rusimbi, na madirisha yake upande mmoja yalitazama ziwa. Washiriki wote walikuwa wahudumu wa jamii, watu wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia chanjo na vyoo. Safari hii walikuwa wamekuja kufundishwa namna ya kuwasaidia manusura wa utumwa wa kisasa.

Baada ya chai aliingizwa manusura mmoja. Jina lake Bucumi, Mrundi wa miaka thelathini hivi, amevaa koti la baridi lenye mawe mifukoni. Kabla ya kumkaribisha azungumze, Honorata alifunga madirisha ya upande wa ziwani, akamfunga Bucumi kamba kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Bucumi alishukuru. Alisema alifanya kazi miaka sita kwenye mwalo mmoja kusini mwa Ujiji, akivuta nyavu na kuanika dagaa, bila ujira wala ruhusa ya kuondoka, na kwamba mwaka wa tatu uzito ulimtoka. Tajiri wake hakuona ubaya wowote. Boti ilikuwa ikila mafuta kidogo.

"Ulijuaje kama umekutoka?" Anatoli aliuliza, kama mwenyekiti.

"Nilienda kuoga. Maji yakakataa kunipokea, nikawa nalala juu yake kama ganda la karanga."

Watu wakaandika. Honorata akaeleza kwamba jambo hilo limo ukurasa wa kumi na tisa wa kitabu chao. Mtu anayefanyishwa kazi miaka na miaka, asiwe na neno juu ya siku yake wala mwili wake, huishiwa uzito. Umbo halikondi, kwa hiyo jirani hagundui. Na wengi hujificha wenyewe, kwa sababu mtu asiye na uzito huona haya, basi hushika kitu kizito wakati wote ili abaki chini na wenzake.

"Usimpime kwenye mizani mbele za watu," alisema. "Mwombe tu atue alichobeba. Kisha tazama visigino."

Walifanya igizo, wawili wawili. Anatoli aliigiza manusura, lakini kilo zake tisini na tatu hazikumpa ushirikiano, visigino vikabaki sakafuni. Walimpigia makofi hivyo hivyo.

Aliyeandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote alikuwa Veneranda wa Kidahwe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia akitembea kwa miguu kwenye vilima vya kijiji chake na daftari kwapani. Mafunzo yakiisha, kila kijiji kingepata msimamizi mmoja wa manusura, mwenye kitambulisho na fulana. Veneranda aliitaka nafasi hiyo na hakuficha. Wala hakukosea kuitaka. Alikuwa mama mwenye huruma, kijiji kizima kinajua, na hilo ndilo linalonikera ninapoisimulia habari hii.

Mchana walikula ugali kwa migebuka ya ziwani. Veneranda akawasimulia wenzake habari za nyumbani kwake.

"Ninaye binti mmoja wa Kirundi, Lyse. Nimemlea tangu ana miaka minane, sasa anaingia kumi na tatu. Yule mtoto hatui mzigo jamani. Akitoka kisimani anafagia na ndoo ya maji kichwani, anachochea moto na ndoo kichwani, na mgongoni amembeba Bariki wangu. Sijaona mtoto mwenye bidii namna ile."

"Umebarikiwa, Mama Oswald," mwenzake mmoja alisema.

Watu hawa walikuwa wametoka kufundishwa dalili hiyo nusu saa tu iliyopita, na hakuna aliyeacha kutafuna. Honorata hakusikia. Alikuwa nje ameshika kamba, anamsubiri Bucumi atoke msalani.

Ijumaa walipewa kazi ya kufanya nyumbani. Kila mmoja apite kwenye mtaa wake, aangalie, ajaze fomu moja, airudishe Jumatatu. Waanze na nyumba zao wenyewe, Honorata alisema, maana ni rahisi kuingia.

Jumamosi asubuhi Veneranda aliketi kwenye kigoda uani na fomu yake mapajani. Sehemu ya kwanza iliuliza idadi ya watu wa nyumba. Aliandika yeye, mume wake Dismasi, Oswald anayesoma sekondari, Bariki, na Lyse. Mbele ya jina la Lyse aliandika "mtoto", kama alivyoandika kwenye kila fomu kwa miaka mitano. Ndivyo alivyomwahidi mama yake Lyse, Ntakarutimana, siku alipomchukua kwenye kambi ya wakimbizi. Mtoto atakuwa wangu, atakula tunachokula, Januari ataanza shule. Huku kwetu watoto wa watu wamelelewa hivyo tangu zamani, na wengine wamekuwa walimu na manesi, kwa hiyo Ntakarutimana alishukuru kwa mikono miwili. Januari ilipofika Bariki alikuwa tumboni na Veneranda anatapika. Januari iliyofuata Bariki alikuwa anatambaa. Baada ya hapo shule haikutajwa tena, si kwa ubaya.

Lyse alipita na ndoo kichwani, Bariki mgongoni, ufagio mkononi.

"Lyse, tua ndoo."

"Niitue wapi, Mama?"

"Hapo chini. Na Bariki nipe mimi."

Lyse alifungua mbeleko, akamkabidhi mtoto. Akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akatua ndoo taratibu, na alipoiachia mkono akapanda. Hakupanda kwa kasi. Alipofika usawa wa upenu aliudaka ukingo wa bati kwa vidole vinne vya kila mkono, akatulia pale, gauni likipepea kidogo. Veneranda akaona kwamba sehemu ile ya bati haikuwa na vumbi wala kutu. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

Bariki alicheka akanyoosha mikono. Alikuwa ameshazoea.

"Tangu lini?" Veneranda aliuliza.

"Tangu Januari ile ya pili."

"Mbona hukusema?"

Lyse alifikiri. "Mlikuwa mnanisifu, Mama."

Roho ilimuuma Veneranda, ikamuuma kwelikweli, hadi akamweka Bariki chini na kufunika uso kwa kanga. Alilia kidogo. Kisha akasimama kwenye kigoda, akamshika Lyse kifundo cha mguu, akamvuta chini, na kwa kuwa hakujua la kufanya naye, akamrudishia ndoo.

Jumapili baada ya misa simu iliita. Alikuwa Ntakarutimana, kutoka kambini.

"Mama Oswald, mwakeye. Wametuita kwa orodha. Tunagenda Alhamisi, tunarudi kwetu, Burundi. Uniletee mtoto wangu Jumatano."

"Mapema hivyo?"

"Ndiyo mapema. Nimeshamshonea gauni. Sijui kipimo, nimekadiria tu. Nikimbeba ndiyo nitajua amekua kiasi gani."

Veneranda alisema sawa, watawasiliana. Mchana kutwa hakula. Alikuwa akiliwaza jambo moja tu, kwamba mwanamke yule, mara tu watakapokutana, kabla hata ya salamu, atamshika mwanawe kwapani na kumnyanyua kama mama yeyote anavyofanya. Na mikono yake itaambulia patupu.

Jumatatu Honorata alikusanya fomu. Alizisoma moja moja kwa sauti bila kutaja majina. Karatasi zote ishirini na mbili zilikuwa zimeandikwa "hakuna". Mwingine aliongeza kwamba mtaa wake una amani, na mwingine kwamba labda waangalie kule kwa Waha wa upande wa pili, japokuwa yeye mwenyewe ni Muha.

Bucumi alikuwa ameketi mbele na kamba yake kiunoni. Alisikiliza hadi ya mwisho.

"Basi niko peke yangu mkoa mzima," alisema.

Mtu wa kuchangamsha darasa akawasimamisha watu, wakapiga makofi ya mvua, ya manyunyu kwanza kisha ya radi.

Wakati wa chai Veneranda alimfuata Honorata pembeni.

"Samahani Mwalimu. Tuseme amepatikana mtoto. Uzito unarudi baada ya muda gani?"

"Inategemea. Miezi mitatu, mwaka. Ale ameketi na wenzake, alale mpaka aamke mwenyewe, acheze, asome. Na kwanza aondoke pale uzito ulipomtoka. Pale pale haurudi."

"Na kama mama yake anamtaka kabla haujarudi?"

"Mpe siku hiyo hiyo," Honorata alisema. "Kwa mama yake unarudi haraka kuliko kwetu sote. Nimeona mmoja ulirudi kwa wiki mbili."

"Na jina la nyumba aliyokutwa, linaandikwa?"

"Linaandikwa. Ukurasa wa mwisho."

Honorata alimtazama kwa muda. Ni mwanamke aliyefanya kazi hii miaka tisa, si mjinga. Lakini watu ishirini na mmoja walikuwa wanamsubiri na somo la utunzaji siri lilikuwa bado. Alimwambia kama ana jambo aje jioni. Jioni Veneranda alipanda gari la Kidahwe.

Jumanne alimpigia Ntakarutimana. Alimwambia Lyse yuko kwenye mitihani ya kumaliza muhula, walimu wamekataa kabisa kumruhusu, na kwamba ni mtoto wa tatu darasani kwao. Alijishangaa uongo ulivyomtoka kwa ulaini. Alisema likizo ikifika atamvusha yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Wa tatu?" Ntakarutimana aliuliza.

"Wa tatu."

"Basi asome," mama yule alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Asome. Mimi nitangulie. Asante, Mama Oswald. Mungu akuongezee."

Jumatano walipewa vyeti. Veneranda alipata kitambulisho na fulana, akawa msimamizi wa manusura wa Kidahwe. Alikuwa amestahili, aliongoza hata kwenye mtihani. Walipiga picha ya pamoja, Bucumi katikati, Anatoli na Veneranda wamemshika mabega ili asitoke nje ya picha.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi simu iliita tena. Nyuma ya sauti ya Ntakarutimana kulikuwa na injini, vilio vya watoto na mtu akiita majina kwa kipaza sauti. Alikuwa ameshaketi kwenye basi. Aliomba azungumze na mwanawe kidogo kabla hajaenda shule.

Veneranda alikuwa na fulana yake mpya mwilini. Alimkazia Lyse macho, na Lyse akaelewa, maana hakuna jambo la nyumba ile ambalo hakulielewa. Alipokea simu kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukishikilia ndoo kichwani.

Ntakarutimana alimuuliza kwa Kirundi kama anakula vizuri. Lyse alisema anakula. Alimuuliza kama mitihani ni migumu. Lyse alisema si sana. Kisha mama akacheka, akasema wakati ule alikuwa anambeba mgongoni kutoka kambini mpaka sokoni na kurudi bila kupumzika, lakini sasa nadhani umekuwa mzito, sivyo? Nadhani sitakuweza tena.

"Ego, mama," Lyse alisema. Ndiyo, mama. "Nimekuwa mzito sana."

"Ehee," mama yake alisema, akifurahi. "Vizuri. Vizuri sana."

Simu ikakatika. Mabasi yalipita njia ya Kasulu kwenda Manyovu mpakani, kwa hiyo Kidahwe hakuna aliyeyaona. Lyse aliifuta simu kwa ncha ya gauni, akamrudishia Veneranda kwa mikono miwili kwa heshima, akalazimika kuiachia ndoo ili afanye hivyo, na Veneranda akaidaka ndoo ile na kuikandamiza chini kichwani pake mpaka mtoto alipoishika tena.

"Mama," Lyse alisema, "ndoo imeanza kuwa nyepesi. Hakuna kingine cha kubeba?"