Mbweha Aliyehama Jakuzi ya Sigmar

Asubuhi ile ya Januari Sigmar Helgason alimkuta tena mbweha amelala uani juu ya kifuniko cha jakuzi yake, lile beseni kubwa la kuloweka mwili kwenye maji ya moto, kajikunja kama kofia ya manyoya, anakoroma. Baridi ya kando ya Ziwa Winnipeg ilikuwa ile ambayo moshi wa nyumba husimama wima juu ya paa, hauthubutu kwenda popote. Ukitema mate unayasikia yakigonga chini. Lakini yule mbweha, Sigmar yuko tayari kuapa, alikuwa anatoka jasho.

"Hebu mtazame," alimnong'oneza mkewe dirishani. "Kijiji kizima, ametuchagua sisi."

"Ametuchagua kwa sababu tunampikia," alisema Svava. "Joto lote la maji yangu liko chini ya tumbo lake."

Hakuwa anatania. Nyonga za Svava zilikuwa zimekakamaa, na bila kuloweka mwili kwenye maji ya moto kila asubuhi, hata soksi hakuweza kujivalisha. Sasa maji yalikuwa yanapoa, hita inaunguruma mchana kutwa bila kufua dafu. Dada yake aliyeko Arizona, kwenye jua, alikuwa ameshamwandalia chumba, na sanduku la safari lilikuwa limeshushwa kutoka darini, limekaa mlangoni. Kila Sigmar alipolipita aliona kama linamkodolea macho. Alijua mkewe akienda mara moja, atazoea.

Na aliyeharibu kifuniko alikuwa yeye mwenyewe. Kijijini kwao mwanamume hupimwa kwa theluji ya uani kwake. Saa ya kahawa ikimkuta bado hajaizoa, watu wanauliza kama ni mgonjwa. Sigmar alizoa ngazi, akazoa njia, akazoa paa la kibanda cha mbwa, kisha akapanda na sepetu la chuma juu ya kifuniko cha jakuzi na kukikwangua mpaka king'ae. Ngozi ya plastiki ikachanika, mvuke ukaingia, na sponji ngumu ya ndani ikanywa maji mpaka ikashiba. Kifuniko kikawa kizito hivi kwamba walipokifunua, anasema Sigmar, nyumba iliinama upande ule.

Wakapanda pikapu mpaka kwa Orest Pawluk, muuza majakuzi, ambaye huyaacha nje yakiwa na maji ya moto, yamefunikwa, wateja wajionee. Sigmar alikwenda moja kwa moja kwenye kifuniko kinene chenye rangi ya mbao. Juu yake hakukuwa na chembe ya theluji.

"Hiki hapa!" alisema. "Orest, kumbe na wewe unajua kusafisha." Kisha akakitazama cha pili, kilichobeba theluji kama keki ya harusi. "Na hiki maskini umekisahau?"

Orest alikuna shingo. "Mzee Sigmar, mgongo wangu mbovu. Sepetu sijaligusa tangu Krismasi."

"Sasa nani kakisafisha hiki?"

"Hakuna mtu."

Svava alivua glavu, akaweka kiganja juu ya mkunjo wa kile kifuniko kisafi, pale kinapokunjwa katikati. Kiganja kikarudi kimelowa. Akaenda kwenye kile chenye theluji, akazamisha mkono mpaka ukagusa ngozi ya kifuniko. Theluji ilikuwa kavu kama unga, hata ile ya chini kabisa.

"Funua," alisema.

Waliinua nusu, polepole. Mvuke ukapanda kama kitu kilichokuwa kimefungwa tangu dunia iumbwe. Svava alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Moto," alisema. "Sigmar, ni moto kabisa."

Sigmar alivua kofia, jambo ambalo mtu mwenye akili halifanyi Januari. Juu ya kifuniko ulikuwa msimu wa baridi ya kuua ng'ombe. Chini yake, unene wa mkate tu, ulikuwa msimu wa kuchuma matunda. Na misimu hiyo miwili haijuani! Maisha yake yote alikuwa akiipiga vita theluji, kumbe ilikuwa inakaa pale kumpa habari: ikibaki, joto halivuji; ikiyeyuka, linavuja.

Orest akawaonyesha: sponji nene katikati, nyembamba pembeni ili maji yateremke, kila kipande kimefungwa kwenye mfuko wake mvuke usipite, na kwenye mkunjo, ukanda wa sponji unaoziba mwanya mwanzo hadi mwisho. Sigmar akatoa vipimo vya kifuniko cha zamani. Svava akamzuia. "Hicho kimevimba, mzee. Mimi nimepima jakuzi yenyewe."

Kifuniko kipya kilipokuwa mahali pake, theluji ikaanguka, laini, ya kutosha kufunika kiatu. Sigmar alisimama ngazini na sepetu, mikono inamwasha.

"Sigmar!" jirani yake Lorne alipaza sauti. "Umekufa? Theluji imelala uani kwako!"

"Iache ilale!"

Ndipo mbweha akaja. Akapanda, akazunguka, akalala. Akainuka upesi kama aliyekalia barafu, na alikuwa ameikalia kweli. Akanusa mkunjo wote, upande huu mpaka ule. Akamtazama Sigmar kwa chuki isiyo na kifani, akashuka, akaenda zake kwa Lorne.

Svava aliingia majini. Theluji ilibaki juu ya ile nusu ambayo haikufunuliwa, karibu na sikio lake, na nyayo za mbweha bado zimechorwa humo, hazikuyeyuka. Sigmar aliogopa hata kupumua.

Aliporudi ndani, Svava aliketi, akainama, akavaa soksi. Moja. Halafu ya pili.

"Unashangaa nini?" alisema. "Lirudishe darini hilo sanduku, kabla sijajikwaa nalo."