Choo Alichokitumia Madamu

Juzi waliandika WANAWAKE kwenye mlango wa choo kimoja kwa rangi nyekundu, kwa sababu mkaguzi wa kazi alikuwa anakuja. Ndani ni mifuko ya saruji mpaka darini. Vyoo vyote viwili pale saiti nilivijenga mimi, Phulmaya, fundi mwashi mwenye cheti, nikavipiga lipu kwa mkono wangu, na hakuna hata kimoja nilichoruhusiwa kuingia. Ovyo kabisa.

Mimi na Sunmati, mbeba zege, tunabana mkojo toka asubuhi hadi jioni. Maji hatunywi. Daktari kule mjini Hetauda kaniambia figo zinaharibika, ninywe maji mengi. Nikamuuliza, halafu niende wapi?

Basi jana mkaguzi akaja, mwanamke. Nikafurahi, mjinga mimi. Msimamizi wetu, Dilliram, akamnywesha chai vikombe vitatu, na chai ikafanya kazi yake. Madamu akaenda kushika kitasa cha ule mlango wa maandishi mekundu.

"Hapo hapana, madamu," Dilliram akasema. "Bomba limeziba leo."

Akakimbia kuwatoa wanaume kwenye choo chao, akamwaga ndoo tano za maji na dawa, akasimama mlangoni kulinda. Miaka minne sijamwona akishika hata ufagio.

Madamu alipotoka nikamfuata. "Kile kingine kimejaa saruji. Fungua ujionee."

Akamtazama Dilliram, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Dada, mimi nimejisaidia bila shida." Akaandika kwenye fomu: choo cha wanawake kipo, nimekitumia.

Mwanamke mwenzangu, mwenye kibofu kama changu, anausaini uongo na mkojo wake haujakauka.

Gari lake lilipoondoka, Dilliram akacheka. "Haya dada, umeshasema. Rudi kwenye tofali."

Nikachukua jagi la maji la wanaume, nikanywa lote mbele yao. Nikaelekea chooni kwao, Sunmati nyuma yangu na koleo lake.

"Ukiingia humo huna kazi," Dilliram akasema.

"Fomu inasema ni cha wanawake. Madamu mwenyewe amekitumia."

Nikaingia, nikafunga komeo, nikakojoa taratibu, mkojo wa miaka minne. Nje walikuwa wanagonga mlango, na Sunmati akiwaambia wabane kidogo, watazoea.